Wakfu si Zawadi: Safari ya Neno Moja la Sheria



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wazazi na vijana wetu, mada yetu ya leo imezaliwa darasani. Tulikuwa tukiwasomesha watoto alama za wakfu katika msahafu, zile herufi ndogo zinazomwonyesha msomaji mahali pa kusimama na mahali pasipofaa kusimama. Mtoto mmoja wa miaka kama kumi akanyoosha mkono, akauliza: "Ustadhi, kama wakfu ni kusimama, mbona watu wanasema kiwanja cha madrasa ni wakfu? Kiwanja nacho kinasimama?"

Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu siku zile zile tulikuwa na karatasi moja mezani iliyokuwa ikitunyima usingizi, na shida yote ya karatasi ile ilikuwa ndani ya swali la mtoto huyu.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka mingi iliyopita mzee mmoja wa hapa kwetu Bujumbura, muuza ndagala, alisimama mbele ya mashahidi baada ya swala ya Alasiri akasema kuwa kiwanja chake ameking'oa katika mali yake na kukiweka wakfu kwa ajili ya madrasa. Watu wakaitikia, wakasoma Fatiha, wakamwombea dua. Baadaye akashauriwa atafute karatasi. Akaenda kwa mwandishi wa hati, na kwa kuwa hati za nchi yetu huandikwa kwa Kifaransa, mwandishi akauliza: "Mzee, unataka kufanya nini?" Mzee akajibu kwa Kiswahili chake: "Nakitoa kiwanja." Basi mwandishi akaandika neno don, yaani zawadi, na jina la mpokeaji akaliandika la mwalimu aliyekuwa akisomesha pale. Mzee akatia kidole gumba, akarudi nyumbani moyo wake umetulia.

Mzee amekwisha fariki, Allah amrehemu. Mwalimu naye amekwisha fariki, Allah amrehemu. Watoto wa mwalimu, katika kupanga mirathi ya baba yao, wamekuta karatasi inayosema kuwa kiwanja ni chake. Mmoja wao ana shida ya fedha na anataka fungu lake liuzwe. Hao si wezi, ndugu zetu. Wanasoma kilichoandikwa. Kosa liko katika neno moja lililovushwa mto bila mizigo yake.

Tumeona basi ni vizuri tusimulie historia ya neno hili, wakfu, pamoja na ndugu yake sadaka. Yaliyotokea kwenye kiwanja chetu yalikwisha tokea kwa mataifa makubwa zaidi na mbele ya majaji wakubwa zaidi.

Neno lilipozaliwa

Katika Kiarabu, asili ya wakfu ni kusimama na kusimamisha. Mtoto wetu hakukosea hata kidogo. Msomaji wa Qur'ani husimama kwenye wakfu, na mali iliyowekwa wakfu nayo husimamishwa, isitembee tena kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Neno jingine lenye maana hiyo hiyo ni habs, yaani kuzuia, na hilo ndilo lililoenea zaidi kule Maghrib, katika nchi za Algeria, Tunisia na Moroko.

Msingi wake wanazuoni huutoa katika kisa cha Sayyidna Umar (r.a.). Alipata ardhi nzuri kule Khaybar, iliyofunguliwa mwaka wa 7 Hijria, sawa na 628. Alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri, akaelekezwa kwamba akipenda aizuie asili ya ardhi ile na atoe sadaka kinachotoka ndani yake. Umar akafanya hivyo, akaweka masharti: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Wa kufaidika nayo wakawa ni mafakiri, jamaa wa karibu, watumwa wa kukombolewa, njia ya Allah, wageni na wasafiri. Na anayeisimamia ana ruhusa ya kula kwa wema bila ya kujilimbikizia.

Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, jamaa wa karibu wamo katika orodha, pamoja na mafakiri. Kumsaidia nduguyo ni sadaka, na hata anachokula mke wako kwa mkono wako huandikiwa sadaka ukikusudia radhi za Allah. La pili, Umar hakutosheka na kusema neno "sadaka" peke yake. Aliongeza masharti, moja moja.

Kwa nini aliyaongeza? Jibu tutalipata katika kisa cha sahaba mwingine, Abu Talha (r.a.), aliyekuwa na shamba la mitende alilolipenda sana mbele ya msikiti wa Madina, likiitwa Bayruha. Iliposhuka aya ya 92 ya sura Aal Imran, inayohimiza kutoa katika tunavyovipenda, Abu Talha akalitoa shamba lile sadaka. Mtume (s.a.w.) akamshauri aligawe kwa jamaa zake, naye akafanya hivyo. Miongoni mwa waliopata fungu ni Hassan bin Thabit, mshairi. Miaka ikapita, na Hassan akaliuza fungu lake kwa Muawiya. Watu wakashangaa: vipi anauza sadaka ya Abu Talha? Naye hakuona ubaya, kwa sababu alipewa likawa lake.

Basi neno ni lile lile, sadaka, mji ni ule ule, zama ni zile zile. Sadaka ya Umar haikuuzika, na fungu la sadaka ya Abu Talha liliuzwa sokoni. Neno moja lilibeba maana mbili, na kilichozitenganisha ni masharti tu.

Mafakihi waliliona jambo hili mapema. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku na pwani, maneno ya kuweka wakfu yamegawanywa makundi mawili. Kuna maneno ya wazi, kama vile "nimeweka wakfu", ambayo hayahitaji maelezo. Na kuna maneno ya kinaya, yanayobeba zaidi ya maana moja, na "nimetoa sadaka" ni mojawapo. Mtu akisema hivyo tu, haiwi wakfu kwa neno hilo peke yake. Akiongeza kuwa ni sadaka isiyouzwa wala kutolewa zawadi, hapo ndipo neno linapofungwa kwenye maana moja. Basi elimu ya kuogopa neno lenye maana nyingi tunayo katika vitabu vyetu tangu zamani. Tuliisahau tulipofika mlangoni kwa mwandishi wa hati.

Vitabu navyo vilisafiri

Waingereza walipoitawala Bengal, waliwaachia Waislamu wahukumiwe kwa sheria yao katika ndoa, mirathi na mambo ya dini. Lakini majaji wengi hawakujua Kiarabu. Kitabu kikubwa cha Kihanafi, al-Hidaya, kikafasiriwa kwanza kutoka Kiarabu kwenda Kiajemi, kisha Charles Hamilton akakitoa katika Kiajemi kwenda Kiingereza, kikachapwa mwaka 1791. Jaji aliyekaa Calcutta akisoma mlango wa wakfu alikuwa anakunywa maji yaliyopita mifereji miwili.

Sisi Mashafi hatukunusurika. Kitabu cha Imamu Nawawi, Minhaj al-Talibin, kilifasiriwa kwa Kifaransa na L. W. C. van den Berg na kuchapwa Batavia kuanzia mwaka 1882, kwa kuwa Waholanzi walikuwa na raia Mashafi wengi kule Indonesia. Mwaka 1914 E. C. Howard akakitoa katika Kifaransa akakitia katika Kiingereza. Tafsiri hiyo ya mkono wa pili ilifika hata katika mahakama za Afrika Mashariki.

Hatusemi kwamba wafasiri hawa walikuwa wabaya. Walifanya kazi kubwa. Tunachosema ni kwamba mfasiri akikosa neno lililo sawasawa huchukua lililo jirani, na neno jirani huja na jamaa zake wote.

Neno jirani lilikuwa charity

Neno ambalo Waingereza waliliona liko karibu na sadaka, khairi na wakfu ni charity. Kwa mazungumzo ya sebuleni linatosha. Lakini mahakamani charity ni neno lenye ukoo wake. Lilipewa mipaka na sheria ya Malkia Elizabeth I ya mwaka 1601, iliyotaja mambo kama kuwasaidia wazee na maskini, shule, kutengeneza madaraja na kuwaoza wasichana maskini. Mwaka 1891, katika kesi ya Pemsel, Bwana Macnaghten akayapanga mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa umma.

Jamaa wako hawamo. Kwa sheria ile, kutoa ni charity pale umma unapofaidika. Kuwatengea mali wanao na wajukuu zako ni jambo jema, lakini si charity.

Tena ilikuwepo kanuni nyingine: mali haiwezi kufungwa milele kwa ajili ya ukoo. Mwisho wake ni maisha ya mtu aliye hai na miaka 21 juu yake. Charity ndiyo iliyopewa ruhusa ya kudumu. Kwa hiyo neno hili moja likawa mlango wa hukumu nzima. Ukiingia nalo, mali yako inadumu. Ukizuiliwa mlangoni, hati yako inachanika.

Sasa pataneni picha, ndugu zetu. Muislamu wa Bengal anaandika: mali hii ni wakfu kwa wanangu, na wana wa wanangu, na ukoo ukikatika iwe ya mayatima, wajane na maskini. Kwake yeye yote hiyo ni sadaka, mwanzo hadi mwisho, kama ile ya Umar. Jaji wa Kiingereza anaisoma, anatafuta charity, anaikuta mstari wa mwisho tu.

Hukumu ya mwaka 1894

Ndivyo ilivyokuwa katika kesi ya Abul Fata Mahomed Ishak dhidi ya Russomoy Dhur Chowdhry. Ndugu wawili waliweka wakfu wa namna hiyo. Kesi ikapanda mpaka London, kwenye kamati ya majaji ya Privy Council, iliyokuwa rufaa ya mwisho kwa makoloni yote ya Uingereza. Mwaka 1894 Bwana Hobhouse akaisoma hukumu: hati ile ni batili. Kwa maoni ya majaji, maskini waliwekwa mwishoni kama pambo la ucha Mungu tu, na haja ya kweli ilikuwa kuutajirisha ukoo.

Kabla ya hapo jaji Muislamu wa Mahakama Kuu ya Calcutta, Syed Ameer Ali, alikuwa amekwisha eleza katika hukumu zake kuwa hapa pana neno linalosomwa kinyume. Alionyesha kwa ushahidi wa hadithi na vitabu vya fiqhi kwamba kwa Waislamu kuwatunza jamaa ni sehemu ya sadaka yenyewe. Majaji wa London walizijua hoja zake na hawakuzifuata.

Madhara hayakuwa ya vitabuni. Baada ya hukumu ile, wakfu wowote wa aina hiyo uliweza kupingwa mahakamani. Nyumba na mashamba ambayo waliotangulia waliyafunga kwa nia safi yakaweza kukamatwa kwa deni au kuuzwa.

Waislamu wa India hawakukaa kimya. Mwanachuoni Shibli Nomani alikuwa miongoni mwa walioongoza juhudi za kutaka jambo hili lirekebishwe. Mwaka 1911 wakili kijana, Muhammad Ali Jinnah, akapeleka mswada katika baraza la kutunga sheria, na mwaka 1913 ukapita kuwa sheria ya kuhalalisha wakfu wa Waislamu. Sheria ile ilikubali wakfu kwa ajili ya familia, mradi mwisho wake uwe kwa maskini au jambo la dini au la khairi lenye kudumu. Ilihitajika nyingine mwaka 1930 ili ifunike hata wakfu zilizowekwa kabla ya 1913.

Hesabuni: tangu 1894 hadi 1930 ni miaka 36 ya kurekebisha maana ya neno moja. Na Ameer Ali mwenyewe, tangu mwaka 1909, alikuwa amekaa katika kamati ile ile ya London, Mhindi wa kwanza kufika pale.

Likafika Mombasa

Huenda msomaji akasema, hayo ni ya Bara Hindi, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu rufaa za Mombasa nazo zilikwenda London.

Waislamu wa Mombasa walikuwa Mashafi, na wakfu kwao ulikuwa jambo la siku zote: msikiti, kisima, makaburi, nyumba za ukoo, minazi. Sheria ya India ya mwaka 1913 haikuwafikia, lakini hukumu ya 1894 ilikuwa inawangoja. Ikaja kesi ya Fatuma binti Mohamed bin Salim Bakhshuwen dhidi ya Mohamed bin Salim Bakhshuwen, iliyochapwa katika taarifa za kesi za mwaka 1952. Majaji wa London wakaamua kwamba ile hukumu ya Bengal inawafunga na Waislamu wa Kenya pia. Neno lililofasiriwa vibaya kwa Mahanafi wa Bengal likawaangukia Mashafi wa Mombasa zaidi ya nusu karne baadaye, bila mtu kuwauliza wao wanalielewaje.

Dawa ikawa ile ile ya India. Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya Kenya ya mwaka 1951 iliweka kifungu cha kuutambua wakfu wa familia. Na mwaka 2022 Kenya ikatunga sheria mpya ya wakfu. Ndugu zetu wa pwani, basi, leo wana sheria inayolitaja neno hili kwa jina lake. Wengi wetu katika nchi jirani hatujafika huko, na ndiyo maana karatasi zetu zinahitaji uangalifu zaidi.

Na Kifaransa je?

Sisi wa Burundi, na ndugu zetu wa Kongo, tunaandika hati kwa lugha nyingine. Tutazame basi lilivyofanyika neno hili kwa Wafaransa, kule Algeria walikoingia mwaka 1830.

Wao hawakuhangaika na charity. Walilichukua neno habs kama walivyolisikia, wakaandika habous. Kulichukua neno kama lilivyo ni vizuri. Lakini wanasheria wao waliliweka kapu moja na neno lao la zamani, mainmorte, yaani mkono uliokufa. Hilo kwao lilikuwa neno la lawama: mali iliyoshikwa na kanisa au taasisi isiyokufa, isiyorudi sokoni, inayodumaza nchi. Ukishaiita mali ya watu mkono uliokufa, umekwisha toa hukumu kabla ya kusikiliza kesi.

Amri ya tarehe 1 Oktoba 1844 ikasema kwamba mauzo ya ardhi kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa Mzungu hayawezi kupingwa kwa hoja kuwa ardhi hiyo haiuziki kwa sheria ya Kiislamu. Kwa maneno mengine, jina habous lilibaki, lakini sharti lake la kwanza, kutouzwa, likaondolewa. Waingereza walibadilisha neno, Wafaransa waliliacha neno wakalitoa utumbo. Mwisho wa njia zote mbili ulikuwa mmoja: ardhi ilitoka.

Tuwe waadilifu

Ndugu zetu, tusije tukadhani kwamba lawama yote ni ya wageni. Allah anatutaka tuwe waadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Ni kweli kwamba baadhi ya Waislamu waliutumia wakfu wa ukoo kwa hila. Wapo waliouweka ili wadai wasipate haki yao. Wapo waliouweka ili mabinti wasipate fungu ambalo Qur'ani imewapa, wakawaandika wana wa kiume peke yao. Jambo hili lilisumbua hata nchi za Kiislamu zenyewe: Syria iliufuta wakfu wa familia mwaka 1949, na Misri ikafanya hivyo mwaka 1952.

Kwa hiyo jaji wa London alipoona hila, hakuota. Kosa lake lilikuwa kuipima kwa neno geni. Lau angeuliza kwa lugha ya wenyewe, "Je, masharti ya wakfu yametimia, na je, kuna mwenye haki aliyedhulumiwa?", angeweza kuikataa hila na kuubakisha wakfu. Alipouliza tu, "Je, hii ni charity?", alivikata vyote viwili kwa shoka moja.

Kiswahili chetu nacho

Tumalizie nyumbani. Neno wakfu katika Kiswahili cha leo lina maana kadhaa. Kwetu madrasani ni kituo cha kisomo. Kwa mafakihi ni mali iliyozuiliwa. Jirani yetu Mkristo husema askofu amewekwa wakfu, au kanisa limewekwa wakfu, naye anamaanisha kutakaswa na kutengwa kwa ibada. Magazetini mashirika ya matajiri yanayotoa misaada nayo huitwa wakfu, ingawa mengi yanaweza kununua na kuuza mali zao wanavyoona inafaa. Na neno sadaka ni hivyo hivyo: ni sarafu ya maskini mlangoni, ni pilau ya hitima, ni kikapu cha kanisani siku ya Jumapili.

Hakuna ubaya. Lugha ni ya watu wote. Lakini mzee wetu muuza ndagala aliposema "nakitoa", kila aliyemsikia alijaza maana yake mwenyewe. Mashahidi walisikia wakfu. Mwandishi wa hati alisikia zawadi. Na karatasi haina masikio, ina maandishi tu.

Kwa hiyo tunawausia wazazi na wazee wetu, yeyote mwenye nia ya kuweka wakfu, azingatie haya. Neno wakfu liachwe kama lilivyo, hata ndani ya hati ya Kifaransa au Kiingereza, lisibadilishwe kuwa zawadi wala msaada. Mara baada yake yaandikwe masharti yake kwa lugha ile ile ya hati, kama alivyofanya Sayyidna Umar: mali yenyewe na mipaka yake, kwamba haiuzwi, haitolewi zawadi na hairithiwi, nani wafaidike, nani asimamie na nani amrithi katika usimamizi, na wafaidika wakikosekana iende wapi. Msimamizi aandikwe kuwa msimamizi, asiandikwe kuwa mwenyewe. Mabinti na wadai wasidhulumiwe. Kisha hati isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mtoaji na wanawe, na apatikane mwanasheria anayejua sheria za nchi. Atakayesikia amwambie na mwenzake, maana wengi wetu hupeleka kidole gumba kabla ya kuuliza.

Ama kiwanja chetu, tumekaa na watoto wa marehemu mwalimu mara tatu. Mashahidi wawili wa siku ile bado wako hai, wamekuja, wameeleza waliyoyasikia. Binti mkubwa wa marehemu ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema baba yao hakuwahi hata siku moja kusema "kiwanja changu", alikuwa akisema "kiwanja cha watoto". Ndugu zake wawili wamekubali kutia saini hati mpya. Yule mmoja mwenye shida bado hajatia, na sisi hatukumlaumu. Tumechanga kidogo kwa ajili ya deni lake, kwa sababu naye ni katika hao jamaa na wenye haja waliokusudiwa na sadaka tangu mwanzo.

Na yule mtoto wa darasani tulimjibu hivi: ndiyo, kiwanja nacho kinasimama. Kinasimama pale pale alipokiacha mwenyewe, na watu ndio wanaopita juu yake, kizazi baada ya kizazi. Lakini ni lazima tuandike wazi kwamba kimesimama, kwa kila lugha inayosomwa mjini, asije mpita njia akadhani kimelala tu.

Tunamwomba Allah awarehemu waliotangulia wakatuachia mahali pa kusoma, atutengenezee nia zetu na maandishi yetu, na atujaalie tuwe waaminifu wa tulivyokabidhiwa. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.